MUULIZE MAMA WAKILI: Safari hii ni zamu ya akina baba

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wanaume, na kuna nyingine nimezisoma mara mbili mbili kwasababu mtu anaandika mistari miwili kuhusu nyumba na gari alafu ukurasa mzima uliobaki ni mtoto tu, mtoto, mtoto. Kwahiyo nafasi yote ya leo nawapa nyie. Ninayoyasema hapa ni ya Tanzania Bara, hasa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Ndugu zangu wa Zanzibar, ndoa zenu za Kiislamu zinaenda Mahakama ya Kadhi na utaratibu wake ni mwingine, msije mkayabeba haya mkayapeleka huko yakawaharibia.

Shikamoo mama wakili. Mimi ni fundi wa kuchomelea niko Mbagala, nina watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume ana 5. Mwezi wa tatu nimerudi kazini nakuta mlango umefungwa, mwenzangu kaondoka na watoto kaenda kwao Morogoro, hata begi la shule la mkubwa kaliacha juu ya kochi. Kila ninayemuuliza ananiambia watoto chini ya miaka saba ni wa mama kwahiyo nitulie nisubiri. Jamaa zangu wanasema tukodi gari twende tukawachukue wakitoka shule. Nifanyeje? Baba wa Wawili, Mbagala

Marahaba mwanangu. Pole sana, hilo begi juu ya kochi limeniuma na mimi. Ila nianze na hao jamaa zako: usiende na hilo gari. Najua moto ulionao, lakini ukimnyakua mtoto getini mwa shule basi siku ya kesi habari ya mwenzio kuondoka bila kuaga itakuwa imeshafunikwa, kitakachosimuliwa ni mtoto aliyelia mbele ya wenzake, na mwalimu wake ndo atakuja kuwa shahidi. Kuna baba nilimsimamia, mlezi mzuri kabisa, alimchukua mtoto hivyo hivyo Ijumaa mchana na Jumatatu asubuhi tulikuwa polisi, kesi ambayo ilikuwa imekaa vizuri tukaanza kuiokota vipande vipande. Tulikuja kusimama tena, lakini ilichukua muda mrefu na mtoto muda wote huo alikuwa hamuoni baba yake.

Sasa hiyo miaka saba. Mtaani inasemwa kana kwamba ni mlango wenye kufuli, mwanaume akifika hapo anageuza anarudi nyumbani. Kifungu chenyewe ni cha 125 cha Sheria ya Ndoa, na kinachosema ni kwamba mahakama inaanza kwa kudhani kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na hapo hapo sheria inamwambia hakimu aangalie pia ubaya wa kumhamisha hamisha mtoto na kumvurugia maisha aliyoyazoea. Kwahiyo kwako wewe, binti wa miaka 9 hayumo kabisa kwenye dhana hiyo. Wa miaka 5 yumo, ila unaruhusiwa kuleta ushahidi kwamba kwa hali yake yeye ni heri akae na wewe. Na kila mtoto anaangaliwa peke yake, sheria haimlazimishi hakimu kuwapeleka wote upande mmoja, japo kutenganisha ndugu waliolala kitanda kimoja ni jambo zito na mimi mwenyewe siwashauri wazazi waliombe kirahisi.

Kinachotangulia mbele ya yote ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo zinaangaliwa nia za wazazi, anachotaka mtoto mwenyewe kama umri wake unamruhusu kuwa na maoni yake, na mila za jamii yenu. Binti wa miaka 9 ana uwezekano mkubwa wa kuulizwa. Mara nyingi hakimu anaingia naye chemba, wazazi wanabaki nje, wanaongea taratibu. Na maswali si yale ya unampenda nani zaidi. Nakumbuka binti mmoja umri kama wa mwanao, aliulizwa nani anakuamsha asubuhi akasema baba, nani anakufulia sare akasema najifulia ila baba ananisugulia kola, nani anakupeleka kusuka akasema baba ananipeleka Jumamosi kwa dada wa saluni ananisubiri nje kwenye benchi mpaka namaliza. Basi. Ile benchi ya nje ya saluni ilifanya kazi kuliko hotuba yangu yote.

Ndo maana nakwambia leo hii anza kukusanya mambo ya namna hiyo. Risiti za ada, kadi ya kliniki ya mdogo kama unayo, majina ya walimu wao, vikao vya wazazi ulivyohudhuria, nani alimpeleka hospitali alipougua malaria, jirani aliyekuona ukiwatoa asubuhi. Kama kazi yako inakurudisha saa tatu usiku, sema ukweli na ueleze nani atakuwa na watoto mpaka urudi, mama yako au dada yako, na huyo mtu aje mwenyewe aongee. Akina baba wengi wanaanguka hapa, wanakuja na hati ya kiwanja na stetimenti ya benki kuonyesha wana uwezo, ukimuuliza mtoto yuko darasa la ngapi anaanza kuhesabu kwa vidole.

Pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa yako. Atawaita wote wawili, na mara nyingi makubaliano ya likizo na wikiendi yanapatikana pale pale bila kesi. Pia mahakama kwenye mambo ya malezi inatakiwa kila inapowezekana ichukue ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto, kwahiyo ukianza naye mapema ukamheshimu na ukafika kila siku uliyopangiwa, ripoti yake itasema hivyo. Isiposaidia unaweza kuomba Mahakama ya Watoto ikupe haki ya kukaa na watoto au angalau kuwaona, na huhitaji kuomba talaka ili kufungua maombi hayo. Wengi hawalijui hili, wanadhani lazima kwanza ndoa ife. Kwa kuwa uko Mbagala, pale Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mirathi na masuala ya familia, nenda, kaulize, karani atakueleza kama ufungue hapo au Morogoro waliko watoto.

Na hilo begi, litume. Weka na daftari ndani na kalamu mpya, tuma kwa basi leo hii. Halihusiani na kesi, binti yako analihitaji.

Habari za kazi mama. Nimefungua kesi ya talaka Mwanza imetupwa, hakimu anasema sikupitia baraza. Lakini wazee wa pande zote tumekaa nao mara tatu na wameshindwa na wamesaini karatasi. Hilo si baraza? Mpiga Makasia, Ilemela

Hapana ndugu yangu, na pole kwa nauli na muda. Kikao cha wazee ni kitu chema na kingewasaidia kama kingeweza, lakini kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka shauri lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa linalotambulika kisheria, yaani mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano, nalo lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yapo ya kwenye kata, na yapo ya jumuiya za dini, kwa mfano Waislamu wengi wanapitia BAKWATA. Bila hati hiyo kesi yako haijazaliwa, hakimu hata akikuhurumia hana la kufanya.

Hiyo hati nayo isome kabla hujatoka mlangoni. Nimeona nyingine imeandikwa tu "wahusika wamefika na wanaelekezwa mahakamani", hiyo haitoshi, lazima iseme wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha, iwe na muhuri na saini. Na usikae nayo kwenye droo, miezi sita ikipita tangu itolewe bila kufungua shauri unarudi mwanzo. Mwenzio akiitwa na baraza akakataa kufika kwa makusudi si mwisho wa dunia, sheria inaruhusu kesi iendelee, kama ambavyo inaruhusu pale mwenza alipokutelekeza na hujui alipo, au yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Kitu kingine, kama ndoa yenu haijatimiza miaka miwili huwezi kuomba talaka mpaka mahakama ikupe ruhusa maalum kwanza.

Kesi kutupwa kwa sababu hii si kushindwa. Pata hati, fungua upya.

Asalaam aleikum mama. Nimempa mke wangu talaka kwa meseji ya WhatsApp mbele ya kaka yake tukiwa kwenye simu. Sasa anasema nyumba ya Tanga ni yetu wote wakati alikuwa mama wa nyumbani tu hakuchangia hata tofali. Watoto watatu anao yeye. Abuu, Chumbageni

Wa aleikum salaam Abuu. Nitakujibu kwa upole ila naomba unisikilize. Kwa upande wa dini kaulizane na masheikh wako. Kwa upande wa sheria ya nchi, meseji yako haijavunja ndoa. Kwa Waislamu sheria imeweka njia yake, mnakwenda kwanza barazani, baraza likithibitisha limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wenu akafanya tendo linalovunja ndoa kwa mujibu wa Uislamu, mahakama inatamka kwamba ndoa imevunjika na kutoa talaka. Angalia mpangilio: baraza kwanza, talaka inafuata. Wewe umeanza mwisho. Mpaka sasa kwenye macho ya mahakama huyo bado ni mkeo na mahitaji yake yako juu yako.

Hilo neno "mama wa nyumbani tu" usije ukalisema mbele ya hakimu. Mahakama ya Rufani ililimaliza mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza mume, ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe siku ile hakuondoka na kitu, kwasababu ilionekana alishapewa fedha kwa ajili ya mradi wa familia akazitapanya, lakini msimamo ule ndo unaotumika mpaka leo. Hakuna anayekwambia atachukua nusu, hakimu ataangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyokopa kwa faida yenu wote, mila, na mahitaji ya watoto, kisha akiyapima yote hayo sheria inamtaka aelekee kwenye usawa. Una watoto watatu ambao hiyo nyumba ndo kwao. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na swali la wao watalala wapi, ndipo nije kwenye tofali.

Mama wakili mimi niko Arusha, nina mtoto wa miaka 4 na mwanamke ambaye hatukuoana, tulikaa pamoja kama mwaka na nusu. Nilikuwa natuma laki moja kila mwezi, sasa amepata mwanaume mwingine hataki nimuone mtoto, na mimi nimesitisha hela tangu Januari. Ndugu zake wanasema hata mtoto si wangu. Nina haki gani? Baba Junia, Arusha

Unazo haki, lakini mwanangu umejipiga risasi mguuni hapo kwenye Januari. Matunzo na kumuona mtoto ni mambo mawili yasiyouzana. Hela ni ya mtoto, siyo kiingilio cha kumwona. Baba ana wajibu wa kumtunza mtoto wake awe anakaa naye au anakaa kwa mtu mwingine, chakula, mavazi, malazi na elimu kwa kadiri ya kipato chake, na mzigo huo kwa kawaida unakwenda mpaka afike miaka 18. Tangu Januari mtoto huyo amekula kila siku. Kesho asubuhi anza tena kutuma, hata kama ni elfu hamsini ndo uliyonayo, tuma kwa simu usimpe mtu mkononi, kisha mwandikie meseji ya heshima kwamba hii ni ya matumizi ya mtoto mwezi huu. Akirudisha, lipa moja kwa moja shule ya chekechea uchukue risiti, au nenda ustawi wa jamii mkaweke hapo utaratibu. Siku ya mahakama utaomba stetimenti ya M-Pesa yako na haitahitaji maelezo marefu.

Kutokuoana hakukufuti ubaba. Sheria ya Mtoto haimbagui mtoto kwa kuwa wazazi wake hawakufunga ndoa, na wewe kama mzazi unaweza kuomba kumtembelea au hata kukaa naye. Kitakachotakiwa ni uthibitisho kuwa wewe ni baba. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kikiwa na jina lako umeshavuka mto. Kama hakina, kuna meseji zenu za wakati ule, picha, watu waliokuona ukimtunza, na mahakama inaweza kuagiza vinasaba vipimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hao ndugu wanaokwambia si wako wasikutie uchungu wa bure, kama ni wako kipimo kitasema, na kama una wasiwasi wa kweli moyoni basi uliza sasa hivi mtoto akiwa na miaka 4, usisubiri awe na 14 ndo umvunje moyo.

Huyo mwanaume mwingine mwache. Usimtaje kwenye maombi yako isipokuwa kuna kitu anamfanyia mtoto unachoweza kukithibitisha. Na usiombe mambo makubwa kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa miaka 4 aliyekaa miezi hajakuona atakuogopa, omba Jumamosi mbili kwa mwezi, saa nne mpaka saa kumi, nyumbani kwa bibi yake au sehemu ambayo mama yake hatakuwa na wasiwasi, fika kwa wakati, mrudishe kwa wakati. Baada ya miezi michache unarudi kuomba alale kwako. Ukikosa hela ya wakili usikate tamaa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inahudumia wasio na uwezo bila kuangalia ni mwanaume au mwanamke. Nasikia sana wanaume wakisema msaada wa kisheria ni wa akina mama, si kweli, kuna wasaidizi wa kisheria mawilayani na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ingia mlangoni usione aibu.

Mama, nilitoa ng'ombe kumi na mbili. Kwa mila zetu mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Mahakama inaweza kunipinga? Tarime

Inaweza baba, na mara nyingi itakupinga ukienda na hoja hiyo peke yake. Mila ziko kwenye orodha ya mambo ambayo hakimu anayaangalia lakini ustawi wa mtoto uko juu yake. Mwambie hakimu unavyomlea. Ng'ombe waache zizini.

Shikamoo mama. Tuliachana 2021 Dodoma, mahakama ikampa mwenzangu mtoto, mimi nikapewa likizo na nimekuwa nikitoa matunzo bila kukosa. Sasa amepata kazi za ndani Muscat anaondoka baada ya wiki tano, anataka kumuacha mtoto kwa bibi yake kijijini. Mtoto ana miaka 8 na anasoma hapa mjini. Nina nguvu yoyote au amri ikishatoka imetoka? Mzazi wa Area C

Marahaba mwanangu. Amri ya malezi siyo hukumu ya maisha. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu mahakama kubadilisha amri ya malezi au matunzo pale ambapo mambo yamebadilika, na mambo hapa yamebadilika kabisa, aliyekabidhiwa mtoto anaondoka nchini. Amri ilimpa mama, haikumpa bibi, ingawa bibi naye kama ni mlezi mzuri mahakama itamsikiliza, usiende kumsema vibaya mzee wa watu aliyemlea mwanao.

Lakini kabla ya mahakama mtafute mwenzio muongee, na uongee naye kama mtu anayekwenda kutafuta riziki ya mtoto huyo huyo. Usimwambie unamtelekeza mtoto. Mwambie: nenda, mimi nitakaa naye, shule haibadiliki, bibi atamuona kila likizo, utampigia simu jioni kila siku unayopata nafasi na simu nitaiacha wazi, ukirudi tutaongea upya. Wanawake wanaokwenda Oman wengi wanaondoka na donge la mtoto kooni, ukimpa uhakika huo anaweza kukubali ndani ya nusu saa. Akikubali, msiishie kwenye maneno wala WhatsApp, andikeni, nendeni wote wawili kwa ustawi wa jamii kisha mahakamani iingizwe kama amri, kwasababu akishafika kule ndugu wakaanza kumjaza maneno karatasi ndo itakayowalinda nyote.

Akikataa, fungua maombi wiki hii. Nenda mahakama ile ile iliyotoa amri, uwe na nakala ya hukumu ya 2021 na namba ya shauri, risiti zako za matunzo, barua ya shule inayoonyesha mahudhurio ya mtoto, na maelezo mafupi ya huko kijijini, shule iko umbali gani kutoka kwa bibi na nani mwingine anaishi pale. Kama una hofu kwamba anaweza kuondoka na mtoto mwenyewe, omba hapo hapo zuio la mtoto kutolewa nje ya Tanzania, mahakama ina uwezo huo. Mwambie karani kwamba mjibu maombi anasafiri na utaje tarehe ya tiketi kama unaijua, maana wito ukimkuta Dodoma mtasikilizwa wote wawili ana kwa ana, ila ukimkosa akawa ameshapanda ndege, kumpelekea hati Muscat ni safari nyingine ndefu na mtoto atakuwa ameshahamishwa shule. Wiki tano ni chache, na moja itaishia kwenye kutafuta nakala ya hukumu tu. Kaanze nayo Jumatatu saa mbili, masjala ikifunguliwa.